Choo cha Babu Nikodemo

Jumatano, 6 Juni 1973

Ukungu tangu asubuhi. Sare haikauki. Nimeianika juu ya jiko na sasa inanuka moshi.

Leo kikundi cha redio kimekutana mara ya tatu. Tunakutania sebuleni kwa babu kwa kuwa redio ni yake na betri ni zake. Watu kumi na wanne, wengine kwenye mabenchi mawili ya kanisa, wengine kwenye magunia ya viazi. Babu Nikodemo ni mwenyekiti. Mimi ni mwandishi, ingawa niko darasa la saba tu. Babu alisema mwandiko wa Esta hausumbui macho, na hakuna aliyebisha.

Kampeni hii ya afya ni ya nchi nzima. Kila kikundi kinasikiliza somo lile lile saa ile ile. Napenda kufikiri kwamba huko Bukoba na Mtwara kuna msichana mwingine ameshika kalamu kama mimi.

Somo lilikuwa vyoo. Redio ilikwaruza lakini karibu yote tuliyapata. Baadaye nikasoma maswali kitabuni na kila mwenye nyumba akajibu, babu wa kwanza. Una choo? Ninacho. Kinatumika? Babu akasema kama hakitumiki basi yeye kila alfajiri huwa anakwenda kuhubiria nzi. Wakacheka mpaka redio ikayumba mezani. Nikaandika: Nyumba ya Mzee Nikodemo — choo kipo, kinatumika.

Ni kweli, hakuna choo kama kile hapa kwetu. Kuta zimepakwa chokaa. Bati juu. Mlango wa mbao za msitu wa Magamba, na mfuniko wenye mkono wa kushikia. Nje kuna debe la maji na kipande cha sabuni ya mche.

Mdogo wangu Rubeni alilia tumbo katikati ya somo, nikamtoa na kumpeleka kwa Mama jikoni. Mama huwa anasikilizia huko, dirisha likiwa wazi. Yeye ni mkwe wa babu, hawakai chumba kimoja.


Ijumaa, 8 Juni

Rubeni ametapika mnyoo.

Nilikuwa nampa uji. Ulitoka mrefu kama penseli mpya, mweupe unaoelekea pinki, na ulikuwa unajikunja. Yeye hakulia. Aliutazama akauliza kama ataweza kuufuga.

Machi alipewa dawa ya minyoo zahanati na ikatoka kumi na mmoja. Aprili alinenepa shingo. Sasa tumbo limejaa tena kama ngoma na mikono imekuwa vijiti. Ana miaka minne na nusu, na watu humdhania miwili.

Mama anasema kila mtu amezaliwa na mchango, yaani mnyoo wake, tumboni, na mtoto akishiba unatulia. Nikamwambia shuleni hatukufundishwa hivyo. Akasema, basi waambie wa shuleni waje wamshibishe. Lakini nilimwona anampapasa Rubeni tumbo, mara tatu mahali pale pale, na hakunitazama.

Baba hayupo. Yuko Muheza kwenye mkonge, atarudi Krismasi.


Jumamosi, 9 Juni

Nimempeleka zahanati. Mwendo wa saa mbili, nusu ya njia nimembeba mgongoni. Dresa Leonard, mhudumu wa zahanati, anataka choo cha mtoto kije ndani ya kiberiti, kwa hiyo nilikwenda na kiberiti nimekifunga kwa jani la mgomba, nimekishika mkononi ili kisiminyike.

Penye njia panda alikuwepo Mzee Suleimani, muuza miwa, na sigara haijawashwa.

Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akasema, binti, naona kiberiti hapo, nipe njiti moja.

Nikasema hakina njiti.

"Mbona umekishika kama yai?"

Nikasema ni cha dresa.

"Dresa naye amekosa moto?"

Akanyoosha mkono akichukue. Ikabidi nimwambie kilichomo. Alirudisha mkono kama aliyegusa upupu, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Akanipa kipande cha muwa cha Rubeni, akasema tukirudi tupite upande wa pili wa barabara.

Dresa hakucheka. Alimlaza Rubeni, akabonyeza tumbo, akanishika mkono akaniwekea vidole pale pale Mama alipokuwa akipapasa. Kuna kitu kama kamba iliyokunjwa chini ya ngozi. Nimekishika kwa vidole vyangu.

Akasema minyoo wakijifunga fundo humo ndani utumbo unaziba, na hapo si dawa tena, ni kisu. Na hospitali ya Lushoto ni mbali kwa mtoto anayetapika. Akasema safari hii dawa itawatoa. "Machi nilimpa, Juni amejaa. Nikimpa leo, Septemba utaniletea kiberiti kingine. Na Septemba sijui kama atanisubiri."

Akauliza kwetu kuna choo. Nikasema kipo, ni kizuri, ndicho bora pale kijijini. Akauliza, basi mayai ya minyoo anayala wapi? Hayaonekani kwa macho, yanakaa kwenye udongo hata miaka, na yanaingia kwa mdomo.

Nikamfuta Rubeni mdomo.

Akasema, wewe si unasoma? Katafute.


Jumatatu, 11 Juni

Dawa imefanya kazi. Kumi na tisa! Mama amewafukia. Rubeni amekula bada, ugali wa muhogo, na maharage, akaomba tena.

Ningefurahi. Lakini ninahesabu kwa vidole: Julai, Agosti, Septemba.

Nimemweleza Mwalimu Mwanaisha. Yeye ni mtu wa Tanga, bado anavaa sweta mbili darasani. Amesema nisiwaulize watu, watu hujibu wanachojua kuwa ndicho kizuri. Nimfuate mtoto siku nzima na daftari, nisimkataze kitu, niandike tu anakanyaga wapi na anashika nini. Nikamwuliza hata akila udongo? Akafikiri. Akasema udongo mkataze, lakini kwanza andika.

Dorkasi, ninayekaa naye dawati moja, alikuwa anasikiliza. Tangu saa nne ananiita Bibi Afya wa Mavi. Nikamwambia ndiyo, na kwenu nakuja Jumatano. Akageukia ubaoni.


Jumamosi, 16 Juni

Nimemfuata Rubeni tangu alipofungua macho mpaka alipoomba uji wa jioni. Nanakili hapa kama nilivyoandika kwenye karatasi.

Aliamka, akatoka nyuma ya Mama kuelekea migombani. Akachuchumaa karibu naye. Akarudi.

Alikula kiazi bila kunawa. Nilimnawisha, kisha nikakumbuka sikutakiwa kumnawisha.

Alikwenda bondeni kwenye bustani ya Mama. Aling'oa karoti, akaifuta kwenye kaptura, akaila. Ya pili hakuifuta. Bustani ile inaanzia pale migomba inapoishia, na mvua ikinyesha maji ya migombani yanashukia kwenye matuta ya karoti. Hilo sikuwa nimeliandika mahali popote kabla ya leo.

Alijenga shamba lake dogo chini ya mgomba, udongo laini, mweusi. Alipanda vijiti. Akalamba kidole. Nikamkataza, akasema ni chumvi.

Nikampeleka chooni kwa babu. Aligoma mlangoni, akashika fremu kwa mikono miwili. Akasema mle kuna shimo la babu. Nikasema ni la wote. Akasema, "Mama haingii."

Saa kumi akamfuata Mama tena migombani.

Nimechora njia yake kwa penseli. Imekwenda migombani mara tatu. Chooni mara moja, na ni mimi niliyempeleka.


Jumapili, 17 Juni

Kanisani sikusikia mahubiri. Babu alipita na kikapu cha sadaka, amevaa koti lake jeusi, na mimi nilikuwa nafikiria karoti.

Jambo hili nimelijua tangu nilipojua kutembea. Lakini sikuwa nimeliona. Mama haendi chooni kwa babu. Hawezi. Mkwe hakalii alipokalia baba mkwe, na baba mkwe hafungui mlango ambao huenda mkwe wake yuko nyuma yake. Hakuna aliyemkataza Mama. Hakuna hata anayeweza kumkataza, kwa sababu mtu angelazimika kulitaja.

Na zamani, nadhani, halikuwa na shida. Babu alikuwa na upande wake wa kichaka na wakwe walikuwa na upande wao. Halafu babu akachimba choo, akaacha upande wake. Mama akabaki na upande wake, na Rubeni nyuma yake.

Nimejaribu kuzungumza na Mama wakati tunachambua maharage. Nilianza mbali, nikasema dresa anauliza Rubeni anachuchumaa wapi. Mikono yake ikasimama. Kisha kwa Kishambaa, polepole, akasema nimefundishwa vizuri, nisome, nifaulu, lakini nikilitaja jambo hilo mbele ya mzee yeye atafunga khanga zake arudi kwao Vuga, kwa kuwa hatakuwa na uso wa kumpelekea chakula.

Nikasema Rubeni anaweza kufa.

Akasema, "Unadhani mimi sijashika lile tumbo?"

Maharage tumeyamaliza kuchambua.


Jumatano, 20 Juni

Kikundi. Kabla ya redio babu alisimama na kusema amepata barua. Jumanne, tarehe tatu Julai, watakuja wageni kutoka wilayani kuona nyumba ya mfano, na iliyochaguliwa ni hii. Watapiga picha choo. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja akasema babu avae koti jeusi asimame mlangoni mwa choo kama bwana harusi. Babu akasema atavaa, mradi bibi harusi asiwe mzee huyo.

Kisha somo, kisha maswali. La nne: Je, kila mtu wa nyumba yako, mkubwa kwa mdogo, anatumia choo?

Nililisoma kwa sauti niliyofundishwa, wazi, bila haraka. Babu akasema, "Andika ndiyo."

Dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Nilisikia Mama anaacha kutwanga.

Nikasogeza kalamu hewani, kama anayeandika, lakini sikuandika. Nikaendelea na wengine. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Wanaume walijibu. Wanawake wenye wakwe walitazama magunia. Mama yake Dorkasi alikohoa kikohozi kisicho na mafua.

Jioni hii nimefungua kurasa za nyuma za daftari la kikundi. "Kinatumika" nimeandika mara kumi na moja. Kwa mwandiko mzuri.


Ijumaa, 22 Juni

Hesabu nimepata tisa kati ya kumi. Mwalimu Mwanaisha anasema nikiendelea hivi sekondari siyo ndoto, na baadaye hata uuguzi. Nilirudi nyumbani nakimbia niwaambie.

Rubeni alikuwa chini ya mgomba. Mdomo mweusi pembeni.

Nilimpiga kofi mkononi. Sijawahi kumpiga. Kisha nikamnawisha, nikalia, akanipa kijiti chake kimoja.


Jumapili, 24 Juni

Nimefanya. Sijui nimefanya nini.

Kila Jumapili baada ya ibada babu hutia sahihi daftari la kikundi. Biblia anaisoma kwa sababu anaijua, lakini mwandiko wa mkono macho yake hayaupati tena, hivyo mimi humsomea. Kwa babu na mjukuu hakuna mkwe wala heshima ya kufunga mdomo. Yeye huniita mchumba, mimi humwambia mahari yake haitoshi. Nilifikiri juma zima: kama kuna mlango, ni huo.

Alikaa barazani kwenye jua. Akasema, "Haya, mchumba, nisomee nilivyo mtu mwema."

Nikasoma mahudhurio. Nikasoma somo. Nikafika kwenye swali la nne. Nilikuwa nimeandika asubuhi kwa wino, ili nisiweze kufuta.

"Nyumba ya Mzee Nikodemo. Waliopo, watu wanne. Wanaotumia choo, wawili."

Akasema, soma tena. Nikasoma tena.

"Wawili nani?"

"Wewe, babu. Na mimi."

"Rubeni?"

Nikasema, "Rubeni bado mdogo. Anakwenda anakokwenda mama yake."

Alikaa anatazama mbele, na mbele yake ilikuwa migomba, kwa hiyo akageuza uso.

Kisha akasema, "Wageni watasomewa hilo?"

Nikasema daftari ndilo watakaloliomba kwanza.

Akachukua kofia yake, akaondoka kuelekea kanisani, na ibada ilikuwa imekwisha tangu saa tano. Hakutia sahihi.


Jumatatu, 25 Juni

Babu hakula jana jioni. Leo asubuhi uji umerudi jikoni umejaa, na ngozi juu.

Mama ameniuliza, umemwambia nini mzee? Nikasema nimemsomea daftari. Akauliza, umenitaja? Nikasema sikukutaja jina. Hata mimi nilisikia jibu hilo lilivyo.

Hakunipiga. Aliingia ndani. Nilipochungulia alikuwa amepiga magoti anakunja khanga, moja juu ya nyingine, ile ya harusi chini kabisa. Ametandaza shuka na kufunga furushi. Liko karibu na mlango. Rubeni amelikalia, anadhani tunasafiri. Ananiuliza kama Vuga kuna udongo wa chumvi.

Shuleni niliambiwa nitaje mito ya Tanzania. Nilitaja miwili.

Nafikiri juu ya kufuta. Kuna wembe wa babu, wino ukikwanguliwa taratibu unatoka. Ningeandika "wanne" na ingekuwa mwandiko ule ule mzuri. Mama angefungua furushi. Wageni wangepiga picha.

Na Septemba?

Sijakwangua.


Jumanne, 26 Juni

Naandika haraka, daftari magotini. Sikwenda shule. Babu amesema nisiende, ana kazi na mimi.

Asubuhi nilisikia sururu. Nikatoka nikamkuta babu upande wa pili wa nyumba, juu kabisa, mbali na choo chake na mbali na bustani, pale kwenye kichaka ambako yeye hana sababu ya kufika. Amevua koti. Amechora duara ardhini kwa fimbo na tayari amekwisha kuondoa majani.

Nikamwamkia. Akaitikia bila kuinua kichwa. Nikauliza ni nini.

"Shimo la mbolea."

Kisha akasema nimwambie mama yake Rubeni, maji leo akachote kwa njia ya chini, asipite huku, kwa kuwa yeye hajavaa vizuri. Na kwamba kazi hii ikiisha yeye hana haja ya kupita upande huu tena, miguu yake haiwezi mlima. Amepanda mlima huo na sururu begani.

Nimempelekea Mama ujumbe, neno kwa neno. Alikuwa amesimama karibu na furushi na Rubeni mkononi. Akauliza, shimo la mbolea la nini? Ng'ombe wa mwisho tulimuuza mwaka juzi.

Nikasema ndivyo alivyosema.

Hajafungua furushi. Lakini amemshusha Rubeni, akachukua ndoo, akaenda kwa njia ya chini. Nimemwona amesimama kwenye kona, mahali ambapo haonekani, anasikiliza sururu.

Saa nne shimo lilimfika babu magotini. Saa sita, kiunoni. Shimo la mbolea la shuleni kwetu halipiti goti, na tulilichimba wanafunzi ishirini. Ninavuta udongo kwa karai. Mikono imechubuka. Nimemwambia apumzike, akasema hakuna mchumba aliyewahi kumhurumia mapema hivi.

Ni maneno yake ya kwanza ya utani tangu Jumapili. Sijui ni ya kweli au ni ya kujipa nguvu.

Zimebaki siku saba kabla ya wageni. Daftari bado halina sahihi. Udongo wa migombani bado ni ule ule, na dresa alisema miaka. Rubeni itabidi azuiwe, anawishwe, abebwe, sijui na nani nikiwa shule. Nimemleta hapa juu nimemkalisha kwenye jiwe ili asishuke migombani. Anamtazama babu anavyozama. Ameuliza, hilo shimo nalo ni la babu?

Babu amesikia. Sururu imesimama kidogo.

Sasa kinachoonekana ni kofia tu. Ananiita. Anasema nilete ile kamba ya kupimia — siyo ile ya kufungia mbuzi, fupi hiyo. Ndefu, ile aliyopimia choo chake.